Kura Tuliyorudia kwa Punje za Mahindi

Ndugu zangu, mnaniona nimesimama mbele ya kanisa nikiwa na suti. Nawaambia, mwaka ule baada ya Uhuru hamngenitambua.

Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na diploma ya kilimo. Sikupewa na mtu. Niliosha sahani hotelini mchana, usiku nikasoma. Hapa Likuyani, kwenye shamba lililokuwa la Mzungu, mahindi yangu yalizidi ya kila jirani, na sioni aibu kulisema. Basi nikagombea uenyekiti wa ushirika wetu wa wakulima.

Tulipiga kura kwa mstari. Tuligombea wawili, tukasimama mbele, na wanachama wakajipanga nyuma ya wanayemtaka. Nilipogeuka, mstari wangu ulikuwa mfupi. Watu wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Bwana Diploma, huko ng'ambo hawakukufundisha kuomba kura?"

Nikaanguka kura. Nikawa mtu wa pombe ya busaa tangu asubuhi. Magugu yakameza yale mahindi yangu. Nikamwambia mke wangu nauza shamba, narudi ng'ambo. Sanduku nilikuwa nimeshalifunga.

Akaniuliza, "Baba watoto, mama yangu ulimwona kwa mstari?"

"Sikumwona. Hata yeye alinikataa."

"Angesimama nyuma yako aje, na wewe ni mkwe wake? Wamama wengi walirudi nyumbani hivyo. Kila mstari ulikuwa na mkwe wa mtu."

Nani kati yetu hajui heshima hiyo? Mama mkwe hamkaribii mkwewe. Lakini siku ile hakuna aliyeifikiria, hata mimi msomi.

Mama mkwe hakuningoja. Alizunguka kwa wajane wenzake wenye mashamba, wakaenda kwa kamati, wakasema wao pia ni wanachama na hawajapiga kura. Kamati ikakubali irudiwe. Safari hii kila mtu aliingia ghalani peke yake, akatia punje ya mahindi katika debe la amtakaye. Nilishinda. Mpinzani wangu mpaka leo anamshuku mama mkwe wake kwamba alitia punje katika debe langu, na hucheka akilisema.

Busaa niliiacha. Mahindi yangu mnayaona wenyewe.

Ndugu zangu, ukikataliwa, usifunge sanduku kabla hujauliza nani hakupata nafasi ya kusema. Namshukuru mke wangu. Namshukuru na mama mkwe. Ameketi humu ndani, najua ni upande gani, ndiyo sababu tangu nianze kusema natazama dirisha hili.

Asante, Mama.