Harufu ya Mpira Unaoungua

Dereva wa basi alikuwa amemficha tajiri wake kifafa chake kwa miaka minne, maana usukani na kifafa havilali kitanda kimoja. Macho yalikuwa barabarani. Masikio yalikuwa kiti cha nyuma yake, kwa muuguzi na fundi viatu.

"Dawa hii mpya inalenga mahali ndani ya ubongo ambapo zile za zamani hazifiki, baba," muuguzi alisema.

"Mwanangu kanywa za kila rangi, sista. Mkimgusa huko, atanijua tena?"

"Hilo bado wanalichunguza. Kifafa humwanzaje?"

"Husikia harufu ya mpira unaoungua. Mara huyo, chini!"

Dereva alinusa hewa, akanusa tena. "Jamani, kuna mpira unaungua humu?"

"Hakuna, twende!" abiria walijibu.

Dereva alikanyaga breki, akazima injini, akageuka na kumwekea sista ufunguo mkononi.