Mwaka Usiovuja

Kwenye kiti cha mbele yangu basini alikaa fundi bomba, mkoba wa vifaa miguuni na soda sita mapajani. Mama mtu mzima aliyekaa naye akamuuliza, "Mna harusi, mwanangu?"

"Najipongeza, mama. Mwaka mzima sijaitwa kurudia kazi. Bomba nililofunga mimi halijavuja hata tone, na leo ndiyo siku ya mwisho."

"Kumbe siku hizi watu wanasherehekea ambacho hakikutokea!" Mama akacheka mpaka bega lake likamgonga fundi. "Basi na mimi nijipongeze, mwaka mzima sijatumbukia kisimani."

"Cheka tu. Kwako hakuvuji?"

Hapo mama akanywea. Akaeleza kuwa sinki lake la jikoni limewashinda mafundi watatu, na ndoo chini yake haiondoki. Kituo changu kilishapita, lakini ningeshukaje katikati ya maneno?

"Nipite kwako nilitazame sasa hivi," fundi akasema.

"Leo? Likivuja tena, si nitakuwa nimekuharibia mwaka wako? Njoo kesho, baba."

Fundi akazitazama soda zake. "Na wewe ulale na ndoo?"

"Nimeizoea. Haina ukorofi."

Basi likasimama. Fundi akamkabidhi mama zile soda, akajitwika mkoba wake begani. "Shika hizo. Na usifungue hata moja mpaka nifungue maji tuone halivuji."

Wakashuka, mama bado anamwambia aje kesho.