Moyo Uliotulia Kwenye Kioo

Mheshimiwa Diwani, Baba Mchungaji, Mkurugenzi wa kampuni hii, Daktari Lesian, wazee wangu shikamooni, ndugu wageni waalikwa, na wewe Naisiae tunayekuaga leo, ambaye naona umeshaanza kulia kabla sijasema kitu: Bwana Yesu asifiwe!

Mimi ni Mwalimu Prisca, nafundisha shule ya msingi huko juu Meru. Kompyuta sijui, mtanisamehe. Lakini vijana wa hapa Engutoto wamenieleza kazi ya Naisiae mpaka nikaelewa. Kioo cha kompyuta, kumbe, ni vidoti vya rangi vilivyojazana. Programu yake inavipiga picha, inalinganisha na picha iliyotangulia, halafu inatuma vile vilivyobadilika tu, ili mtu aliye mbali aone kioo hicho hicho bila kumaliza bando. Kule kwetu mtandao unakuja ukipenda. Bila ujanja huo, Daktari Lesian angewezaje kukaa huku mjini akatazama ultrasaundi ya kituo chetu cha afya?

Sasa sikilizeni. Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili. Ya tatu ilikuwa changa sana siku nilipolala pale, Nesi Hanna akinipitishia kipimo tumboni, Daktari akitazama kutoka mjini, simu imewekwa spika. Kisha nikamsikia Daktari akisema kwa upole, "Nesi, sioni moyo ukidunda."

Nesi Hanna akashtuka. "Daktari, mbona mimi huku naona unadunda?"

"Kwangu umetulia kabisa."

Jamani, mmewahi kulala katikati ya maneno mawili kama hayo? Mmoja anasema yupo, mwingine anasema hayupo, na wote wawili unawaamini. Nilishika ukingo wa kitanda, nikashindwa hata kuomba.

Daktari, nakushukuru mbele za watu, hukung'ang'ania. Ulisema, "Msimpe dawa yoyote, msifanye lolote, mwiteni aliyetengeneza." Naisiae akapanda bodaboda kwenye tope la masika, akafika amechafuka mpaka nywele. Hata kusalimia alisahau, mtoto wa watu. Akakaa sakafuni na kompyuta yake.

Nyote mnajua fundi wa kompyuta akibanwa anasemaje. "Mtandao unasumbua." Si ndiyo? Msicheke, ninyi ndio wenyewe! Na siku hiyo mtandao ulikuwa mbovu kweli, angesema hivyo tungekubali na maisha yangeendelea. Badala yake aliinua uso, machozi yanamlengalenga, akasema, "Mwalimu, kosa ni langu. Niliiambia programu isitume mabadiliko madogo, ili nibane bando. Moyo wa mwanao bado ni mdogo mno. Programu imeuona si kitu."

Ningeweza kumfokea, na kufokea mnajua tunajua, sisi walimu. Lakini nilimwona alivyokaa pale sakafuni na tope lake, huruma ikanijaa. Nikamwambia, "Basi iambie vingine, mwanangu."

Akaandika. Nikalala tena. Tukasubiri, Nesi Hanna ameshika kipimo kwa mkono mmoja na mkono wangu kwa mwingine. Daktari akakohoa kwenye simu, halafu akasema kwa nguvu, "Naona! Mwalimu, naona unadunda!" Nesi Hanna akapiga vigelegele hadi wagonjwa wa nje wakachungulia dirishani. Mimi nililia bila aibu, na aliyenifuta machozi alinipaka na tope.

Naisiae, unakwenda Dodoma kwenye kazi kubwa. Wote leo wamekusifia akili, na akili unazo. Mimi nakupenda kwa ule mdomo uliosema "kosa ni langu" wakati hakuna aliyekulazimisha. Humu ndani wenye vyeo tuko wengi, wangapi tungeweza? Mheshimiwa Diwani, wala sijakutazama.

Nasikia hukurudi tena kwetu kwa sababu uliona haya. Haya ya nini, mwanangu? Moyo ule uliufikisha mjini, wengine tukaushangilia, lakini wewe hujaugusa hata siku moja. Simaloi, binti yangu, simama mama, usiogope watu. Nenda kwa shangazi yako Naisiae. Chukua mkono wake, uweke hapo kifuani kwako, upande wa kushoto. Hapo hapo.

Ndugu zangu, mmenivumilia kunisikiliza, Mungu awabariki, asanteni sana. Na sasa tunyamaze kidogo, naye ausikie.