Goli Ambalo Methusela Hakuliona

Mbukwenyi, wazee wetu. Na ndugu mliotoka Kondoa, asalaam aleikum. Mabaka, maksai wa marehemu, amekwisha kufungwa pale nje ya zizi kwa ajili ya maziko haya, na wenye visu wameanza kutazamana. Mjane wake, Anyesi, anaomba kisu kingoje mpaka wasifu huu usomwe wote, kwa maana una neno juu ya ng'ombe huyo. Basi tuvumilie kidogo.

Methusela Chilongani alizaliwa Haneti, msimu wa palizi, mwaka ambao mama yake aliuhesabu kuwa ni 1873 na shangazi yake akaukataa hadi anaingia kaburini. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Chilongani. Tangu alipojua kutembea, hakuna aliyemwona amekaa mahali pamoja hata ugali ukaiva.

Kusoma alijifunza misheni, huko Mvumi, akabatizwa tarehe 25 Desemba 1904. Jina la Methusela alilichagua mwenyewe, baada ya kusikia kwamba mwenye jina hilo aliishi miaka mia tisa na ushee. Alisema huyo ndiye mtu pekee aliyepata nafasi ya kumaliza safari zake. Mwalimu Elieza, aliyemfundisha, yupo hapa nasi. Anakumbuka alivyokuwa akimwambia, "Methusela, kaa chini," naye akijibu akiwa dirishani, "Nimekaa, mwalimu, wewe endelea tu." Hapo misheni ndipo alipouona mpira kwa mara ya kwanza, akaupenda kuliko sala ya jioni, Mungu amsamehe. Kuucheza hakujua. Kushangilia ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Alifunga ndoa na Anyesi tarehe 12 Agosti 1906. Siku hiyohiyo aliondoka karamuni kwenda kutazama vumbi la ng'ombe wa watu, akarudi wageni wamekwisha kula. Amewahi kubeba mizigo ya misafara, na amelima tuta la reli mpaka ilipofika Dodoma mwaka 1910. Kisha akaacha, akanunua ng'ombe, akahamia hapa Ipagala, akawa anauza maziwa stesheni.

Sasa tufike penyewe. Jumamosi, tarehe 1 Juni 1912, vijana wa Dodoma walicheza na vijana wa karakana ya reli, wakigombea kombe la fedha lililotolewa na bwana mmoja wa reli, Mdachi. Bwana huyo alitangaza mbele ya watu wote: ikionekana hila yoyote, kombe linarudi kwake. Kiwanja kilikuwa kimekatiza njia ya ng'ombe ya kwendea visimani. Methusela aliwafungia ng'ombe wake zizini, lakini saa ya maji ikifika ng'ombe hajui kombe. Walivunja miiba, wakaja na vumbi lao lote. Mchezo ulikuwa ukingoni, hakuna aliyemfunga mwenzake. Methusela akaona baadhi wanaelekea relini, akawakimbilia huku anapiga mluzi na machozi yanamtoka. Akiwa kule, mgongo ameupa kiwanja, akasikia watu wanalipuka kwa kelele. Dodoma wamefunga! Asiyekuwepo na lake halipo.

Nani kati yetu amesahau jioni ile? Kombe lilijazwa kwanza maziwa ya Methusela mwenyewe, kwa heshima ya Abbasi wa Kondoa, mshambuliaji wetu, ambaye pombe haigusi. Ugimbi ulifuata baadaye. Ngoma za akina mama zilipigwa mpaka moja ikapasuka. Jirani yetu Bartolomayo aliimba hadi sauti ikamkimbia. Watu wasiosalimiana kwa ugomvi wa mashamba walibebana mabegani. Katikati ya furaha hiyo Methusela alizunguka kwa mmoja mmoja.

"Lakini liliingiaje?"

Abbasi akasema alipiga kwa mguu wa kushoto. Bartolomayo akasema la, lilikuwa la kichwa. Yudith, dada wa marehemu, akasema mpira ulidunda kwenye jiwe.

"Mbona hamfanani?"

"Kunywa, Methusela," wakamwambia.

Hakunywa. Tangu siku hiyo, mtu ambaye hakuwa na utulivu akazidi. Alipeleka maziwa stesheni akauliza, alikwenda kanisani akauliza, alihudhuria misiba akauliza. Alikwenda Kondoa kwa miguu ili Abbasi amweleze upya, na Abbasi akambadilishia mguu. Alirudi amekasirika. "Mtu husahau mguu wake?"

Januari mwaka huu alishikwa na kichomi. Dawa za misheni alikunywa, na mizizi ya wazee alikunywa. Kulala kulimuumiza kuliko kifua. Jioni ya tarehe 8 Machi alisema, "Nitakufa sijui liliingiaje." Anyesi alikuwa anakoroga uji. Akaweka mwiko chini.

"Mimi nilikuwa nyuma ya lango, na ngoma yangu. Niliona kuliko wote."

"Wewe? Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulikwenda kuuliza Kondoa."

Akamweleza. Abbasi alipiga nje kabisa. Mlinda lango wa reli alikuwa amekwisha kukimbia pembe, na mwamuzi amefunikwa na vumbi. Mpira ukampiga Mabaka ubavuni, ukaingia. Walioona waliapa palepale kunyamaza, kombe lisirudi, na wa kwanza kufichwa akawa Methusela, kwa kuwa angeligawa neno hilo stesheni nzima pamoja na maziwa. Walisahau tu kupatana juu ya uongo mmoja. Mlinda lango naye alinyamaza kwa aibu yake.

Methusela alicheka mpaka tuliokuwapo tukaogopa. Akaomba abebwe hadi zizini. Alimtazama Mabaka kwa muda mrefu.

"Siku zote hizi," akasema, "wala hakuniringia."

Akakataa kurudishwa ndani haraka. Anyesi anasema ndiyo mara ya kwanza kumwona mumewe amekaa bila kutikisa mguu. Alifariki asubuhi yake, tarehe 9 Machi 1915.

Yule bwana wa reli amekwenda vitani. Akirudi akilitaka kombe lake, liko nyumbani kwa Mwalimu Elieza, aje alichukue. Furaha tuliyoipata haichukuliki.

Marehemu ameacha mjane, Anyesi, watoto watatu, Priska, Ruthu na Seth, dada yake, Yudith, na Mabaka. Wazee, tunawaomba kwa heshima: kisu kirudi alani. Shemeji wa marehemu ametoa mbuzi wawili badala yake. Mfungueni Mabaka, saa ya maji imefika.

Mungu ampokee Methusela, amketishe mahali pa mbele panapoonekana kila kitu, na hapo apumzike kwa amani.