Damu Niliyoiita Mwezi

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Na ninyi wa Kasai mulioketi kule nyuma, moyo wenu, kama tunavyosalimiana kwetu!

Mimi ni Mama Ntumba, mushonaji wa Kapata. Nitajaribu kusema Kiswahili cha kanisa, lakini nikiteleza nikarudi kwenye kile cha nyumbani, munisamehe, kwa sababu jambo lenyewe ni la nyumbani, tena la ndani kabisa. Wababa, musiinamishe vichwa. Kila mmoja wenu ana mama, ana dada, na wengi muna mabibi.

Wanaonijua wanajua kwamba mimi ni mtu wa kuuliza. Bwana yangu, Tata Mukendi, aliyefanya kazi ya machimbo mpaka akazeeka nayo, ananiita Mama Juu-ya-Nini, yaani Mama Kwa-Nini. Wakipasua mawe kule kwenye mgodi wa Mashamba na sahani zangu zikatetemeka kabatini, mimi ninataka kujua kwa nini sahani zinatetemeka na vikombe vinanyamaza. Mtu akiniletea kitenge nimkatie gauni, kwanza ninamuuliza kama kinachuja rangi, kimefuliwa mara ngapi, na kwa sabuni gani. Hata pasta wetu nimemchosha kwa maswali. Lakini kuna jambo moja sikuliuliza, nalo lilikuwa ndani ya mwili wangu mwenyewe.

Munajua desturi yetu hapa. Vitambaa vyeupe vya meza ya Bwana vinafuliwa na kupigwa pasi na wamama waliomaliza mwezi, wasioona tena damu ya kila mwezi. Hakuna aliyeiandika mahali popote, tumeikuta vile. Mwezi wangu uliisha nikiwa na miaka hamsini na mbili, na mwaka ulipopita bila kitu, nikapewa vitambaa. Ndugu zangu, nilifurahi! Miaka mitano nilivifua, na hakuna aliyewahi kuniambia ameona kunjo hata moja.

Kisha asubuhi moja, nikivaa niende sokoni, niliona doa kwenye nguo ya ndani. Dogo, upana wa kifungo cha shati, tena rangi yake ilikuwa ya waridi tu. Halikuniuma. Nikalitazama, nikajiambia, aa, mwezi umerudi. Neno lilikuja lenyewe, na likishakuja sikutafuta lingine. Mimi, mtu wa kuuliza!

Kwa sababu ya desturi, vitambaa nikampelekea Mama Kapinga, rafiki yangu tunayeimba naye sauti moja kwenye kwaya, amemaliza mwezi kabla yangu. Akataka kujua kwa nini ninamwachia kazi ninayoipenda. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba nimerudi mu mwezi. Alinishika mikono yote miwili, macho yakamjaa machozi.

“Ntumba, hii ni baraka,” akasema. “Mungu anakurudishia ujana.”

Akawaita wamama wawili wengine, tukashukuru pamoja. Na mimi, niwafiche nini? Nilijidai. Nilijikatia gauni lililobana kiunoni, nikaenda nalo sokoni shingo imenyooka. Tata Mukendi naye, aliposikia, mdomo wake ukawa mtamu, akaanza kuniita bibi-arusi mbele ya majirani. Sasa, ndugu zangu, nani anaenda kutafuta dawa ya baraka?

Doa likaenda, likarudi. Baadaye tumbo la chini likaanza kuvuta. Nikaenda kwenye zahanati moja ndogo, nikakuta kijana muuguzi, umri wa mwanangu wa mwisho. Aibu ikanishika. Nikamwambia niko mu mwezi na tumbo linaniuma. Akaandika, akanipa vidonge vya maumivu, akaita mtu mwingine. Simlaumu sana. Hakuniuliza miaka, ni kweli, na kilemba nilichofunga kilikuwa kimeficha mvi zangu. Lakini mimi ndiye niliyempa neno, naye akalichukua vile nilivyompa.

Kilichonitoa hapo ni udadisi wangu, na ninaamini Mungu ndiye aliyeniumba nao. Nilianza kujiuliza. Kama huu ni ujana, mbona magoti bado yananiuma nikipanda ngazi? Mbona lile jasho la usiku lililokuja mwezi ulipoisha halijaniacha? Na mwezi wangu wa zamani ulikuwa na adabu, ulijua siku yake. Huu je? Nikachukua chaki ya kushonea, kila doa nikaliwekea alama kwenye karatasi ninayokatia mifano ya nguo. Siku tisa, doa. Siku thelathini na nne, doa. Siku tatu, doa la rangi ya chai. Niliigeuza ile karatasi kila upande na sikuona mpango wowote. Mwezi gani huu usiojua kuhesabu? Nikaogopa. Mara ya kwanza nikaogopa kabisa.

Nikaenda hospitali kubwa. Nilikuta daktari mwanamke, mama mmoja wa kaskazini, mtulivu. Nikaanza na maneno yangu yale yale, niko mu mwezi. Yeye akauliza mwezi wa mwisho wa kawaida uliisha lini. Nikasema, miaka sita na zaidi. Akaweka kalamu chini.

“Mama,” akasema, “mwezi ikiisha mwaka muzima, hairudiaka. Kile kinatoka sasa ni damu, na damu iko na sababu. Tutaitafuta.”

Ndugu zangu! Miezi saba nilikuwa nimeibeba damu ile kama zawadi.

Basi maswali yote niliyoyanyima mwili wangu nikammwagia yeye. Alinijibu moja moja bila kuchoka. Akaniambia kwamba kwa wengi sababu ni nyepesi. Ngozi ya ndani inakauka na kuwa nyembamba kwa umri, au kinyama kidogo kinaota kisicho na ubaya, au ni dawa fulani mtu anayokunywa. Lakini kwa wengine ni kansa ya tumbo la uzazi inayoanza, na kwa macho huwezi kujua hii ni ipi. Ndiyo maana kila mama aliyemaliza mwezi mwaka mzima, akiona damu, anapaswa kuangaliwa. Nikauliza, hata tone moja? Hata tone moja. Hata likiwa la waridi, au la rangi ya chai? Hata hilo. Hata kama haliumi? Hasa asingoje liume, akasema, kwa maana ikipatikana mapema, mara nyingi inatibika. Na damu ikiwa nyingi, au mama akisikia kizunguzungu, basi asilale nayo, aende siku ile ile.

Akanipima, halafu wakanifanyia ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo. Niliomba wanigeuzie kioo nione. Akanionyesha tumbo langu la uzazi, kivuli kidogo umbo la pera, na katikati mstari mweupe. Ule mstari ulikuwa mnene kuliko unavyotakiwa kwa mama wa umri wangu. Wakatoa kipande kidogo sana ndani. Kiliuma kwa muda mfupi, sitawadanganya. Kikatumwa Lubumbashi kwenda kusomwa.

Kungoja kulichukua wiki tatu. Sikushona kitu cha maana siku zile. Gauni moja nililikatia mikono miwili ya kushoto.

Majibu yakarudi. Chembe za ndani zilikuwa zimeanza kugeuka. Hazikuwa kansa bado, lakini zilikuwa njiani, na daktari akashauri tumbo la uzazi litolewe. Nilirudi nyumbani. Nilikuwa na watoto watano, sikutaka mwingine, na bado niliona kama wanataka kunitoa mimi mwenyewe. Tena niliogopa Tata Mukendi atasema nini, na dada zake watasema nini. Nikamweleza yote, mpaka ile aibu ya bibi-arusi. Alitazama mikono yake.

“Mi nilioa weye, Ntumba,” akasema. “Sikuoa tumbo. Twende.”

Tukaenda. Nilipasuliwa, nikapona. Walipolisoma tena lile tumbo lote, hawakukuta ugonjwa wowote uliotoka nje yake. Haleluya! Bwana alinitoa, na alinitoa kwa mikono ya mwanamke mmoja aliyeweka kalamu chini akasikiliza.

Sasa sikieni hili, ndilo lililonileta mbele yenu.

Nilipokuwa bado ninatembea polepole, Mama Kapinga alikuja kunitembelea peke yake. Akaketi karibu na mashine yangu. Akauliza habari za kidonda, akauliza habari za watoto, akauliza tena habari za kidonda. Halafu, bila kunitazama, akauliza: na kama mtu anaona tone tu, mara moja moja, tangu miaka miwili?

Ndipo nilipoelewa yale machozi yake. Siku ile alipolia kwa furaha na kuniambia ni baraka, alikuwa anajiombea mwenyewe. Alihitaji sana iwe baraka kwangu, ili na yeye awe na haki ya kuamini vile. Tulikuwa wawili, tunaimba bega kwa bega kila Jumapili, kila mmoja amefungia lake ndani ya nguo, na neno moja la heshima, mwezi, linatuficha wote.

Tulikwenda pamoja kesho yake. Kwake ilikuwa kansa tayari, nayo ilikuwa imekwenda mbali. Leo yuko Lubumbashi, anatibiwa, na madaktari hawajatuahidi kitu. Ijumaa alinipigia simu. Sauti yake imepungua, lakini hakunung'unika. Aliniomba nisimame mbele yenu. Nilimuuliza niwaambie nini. Akasema niwaambie kwamba aliomba miaka miwili, na kwamba Mungu alimjibu siku ya kwanza kabisa, kwa sababu lile tone lenyewe lilikuwa jibu, naye akalifua.

Ndugu zangu, mumwombee Kapinga. Mumtumaini Bwana, na mumtumaini vya kutosha mpaka kuingia kwa daktari bila kuogopa atakachokuta. Wababa, bibi akiwaambia amerudi mu mwezi, musicheke, musimsifu, mumsindikize.

Jumanne ninarudi hospitali kuangaliwa kidonda. Saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye benchi ya nje, upande wa kivuli, na pembeni yangu kuna nafasi. Mama atakayekuja kuketi, sitamuuliza kitu.