Kioo Kilichoandika MQS

Mgeni rasmi, Mwananchi Komisere, na ninyi wakaaji wenzetu wa Kindu mliosimama nasi hapa, amani iwe kwenu.

KARIBU
Sisi wafanyakazi wa ghala la dawa la Mikelenge tunafurahi kukuona mlangoni petu. Njia ya Kailo imekuchosha, kwa hiyo tutasema yaliyo moyoni bila kuzunguka.

TULIKOTOKA
Zamani hesabu ya dawa tuliiweka kwenye makaratasi ambayo mchwa waliyapenda kuliko sisi. Kisha ikaja kwa treni ordinatera, masini ya kutunza hesabu, na daktilo wetu, mpiga chapa wa ofisi, Mwananchi Mwanvua, ndiye aliyejifunza kuiendesha. Tangu hapo zahanati ya mbali ikiomba kwinini, yeye hugonga herufi chache, na jibu hutokea kwenye kioo.

JAMBO LILILOTUPATA
Asubuhi moja ya mvua Mwanvua aliwasha masini, akakuta kila nafasi tupu imejaa alama za mshangao, utadhani maneno yanapiga kelele. KINDU ilisomeka KIOEU. Alikuwa bado ameduwaa alipomsikia nyuma yake mtu aliyekuja kukagua ofisi. Juu ya kioo, mahali pa jina la Chama, MPR, paliandikwa MQS.

"Mama, njo nini hii? Unachezea jina la Chama?"

"Hapana, Mwananchi. Mukono yangu haijagusa kitu."

Kesho yake aliondolewa kwenye masini, akapelekwa kupanga makatoni hadi uamuzi utoke. Hatukufichi, aliogopa. Lakini lilikuwapo jambo lililomkera kuliko woga: kwa nini K imebaki K, na N imekuwa O? Alipofuata alfabeti yote kichwani, aliona B inavaa nguo ya C, D inavaa ya E, ila C na E zenyewe hazihami. Akatuuliza, "Muntu wa kutukana anaweza kutukana kwa mupango hivi?"

TULIVYOTAFUTA
Mkurugenzi wetu, Mwananchi Kitenge, aliuliza swali hilo hilo, akamwita Okito, fundi wa redio, na Mwanvua naye atoke kwenye makatoni asaidie. Walishuku umeme kwanza, wakabadilisha jenereta. Hali ile ile. Wakakaza waya. Wapi! Ndipo Mwanvua akasema, "Tuchape kwa karatasi, tuone."

Karatasi ikatoka safi: KINDU ni KINDU, MPR ni MPR.

Okito akacheka. "Basi kichwa ya masini iko muzima. Njo macho inaongopa."

Je, ni macho, au ni mshipa wa macho? Wakafunga kioo ndani ya blanketi, wakavuka Lualaba kwa mtumbwi hadi Alunguli, kwa mapadri wenye ordinatera kama yetu. Kule kioo kilionyesha kila herufi sawasawa. Hakikuwa na kosa. Ilibaki kadi ndogo ndani ya sanduku letu, ile inayopeleka maandishi kwenye kioo. Mapadri wakatuazima ya kwao, wakarudi nayo ghalani, Mwanvua akaichomeka, na alama za mshangao zikatoweka.

Sisi tulipiga makofi. Yeye hakupiga. Aliichomoa, akarudisha ile mbovu, akawasha tena, kwa kuwa alitaka kujua kama kosa litarudi.

Lilirudi.

MAOMBI
Kadi ya mapadri imekwisha kuvuka mto kurudi kwao. Tunaomba yetu mpya, maana zahanati zinangoja na mchwa wameanza kushiba upya.

La pili ni zito zaidi. Tumeambiwa uamuzi juu ya Mwanvua uko mezani kwako. Hatukuombi utuamini. Masini imewashwa humo ndani, na kadi mbovu bado imo. Tafadhali keti, andika jina lako mwenyewe, ulitazame kwenye kioo, kisha ulichape. Mwanvua atasimama kando, mbele ya macho yako, mikono nyuma.

Mungu akupe macho ya kupambanua, afya, na safari njema kwenda kwa watoto wako.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Ghala la Dawa, Mikelenge, Kindu.
Kwa sauti ya Mwananchi Zawadi, tuliyemtuma.