Dirisha Nililokataa Kulikata

Ejok, mama zangu. Ejok, dada zangu, na ninyi vijana mlioketi kule karibu na mlango kama watu wanaotaka kutoroka. Bwana ametukutanisha, jina lake libarikiwe. Kiswahili changu kina harufu ya Bukavu, mtanivumilia. Nimepewa ruhusa ya kuwa hapa Lodwar mpaka jioni, kisha nirudi kambini Kakuma, kwa hiyo nitasema haraka na nitasema ukweli.

Mimi ni msanifu wa majengo. Ni yule mtu anayechora nyumba kabla fundi hajaanza. Nilisomea, nikaifanya kazi hiyo, na kuna shule mlimani kwetu ambayo paa lake nililichora mimi, kama bado liko. Kisha vita vikaja. Vita sitavisimulia leo. Nilikimbia na nguo nilizovaa, nikafika Kakuma.

Nikapewa chumba. Matofali ya udongo, mabati juu, mlango mmoja. Dirisha hakuna. Wiki ile ile ya kwanza nilishajua upepo unatoka wapi, unatoka upande wa ziwa, nikachukua kipande cha mkaa nikachora ukutani mahali dirisha linapotakiwa kukaa. Mraba mzuri, umenyooka. Kisha nikaweka mkaa chini.

Sikulikata. Mnaniuliza kwa nini? Kwa sababu niliambiwa nitapelekwa ng'ambo, nisubiri. Nikasema moyoni, mtu anayekata dirisha amekubali kukaa. Mimi sikai hapa. Mimi ni mpita njia.

Nikasubiri. Mwaka ukaisha, mwingine ukaingia na ukatoka. Mabati ya Kakuma mnayajua, saa sita mchana yanalia yenyewe kama yanakaangwa. Mlango nao siwezi kuuacha wazi, vumbi linaingia mpaka kwenye unga. Basi nafunga, nakaa gizani, najipepea na kipande cha boksi. Kwaya niliacha. Harusi za watu siendi. Nizoeane na watu nitakaowaacha, ya nini? Nilitoka kuchota maji na kuchukua mgao wa chakula tu. Jirani yangu, mama wa huko huko kwetu Kivu, alikuwa akipita anagonga mlango: "Dada, hii ni nyumba ao ni jiko ya mikate? Utatoka humo umeiva!" Namjibu niko salama. Salama gani, na jasho linanitoka mpaka kwenye kope!

Halafu siku moja tukaambiwa safari zimesimamishwa. Hazijafutwa, zimesimamishwa. Ndugu zangu, nawaambia, heri wangefuta. Nyumbani siwezi kurudi, ng'ambo siendi, na hata kufika hapa Lodwar ni mpaka niombe ruhusa. Nililala chini nikautazama ule mraba wa mkaa. Sina aibu kusema, nilimwomba Mungu anichukue. Nilikuwa nimechoka.

Ndipo likaja shirika moja likitafuta watu waliosomea usanifu wa majengo, wajitolee. Kulikuwa na zahanati nje ya kambi, ya wenyeji, iliyotaka nyumba ya kina mama wajawazito kusubiria siku zao, maana wanatembea kutoka mbali na uchungu unawakuta njiani. Jirani yangu yule mwenye mdomo akawaleta mpaka mlangoni kwangu.

Kijana wa shirika, mtu wa Kitale, alisimama na adabu zake zote. "Madam, mshahara hakuna. Ni kujitolea tu."

Nikachemka. "Kujitolea nini tena? Nchi nimetoa. Nyumba nimetoa. Watu wangu nimewazika. Sasa mnataka nitoe nini?" Nikamfungia mlango usoni.

Lakini alikuwa amekuja na mama mmoja Mturkana. Mkwe wa mama huyo, mke wa mwanawe, alikuwa amejifungulia njiani, na mtoto hakuishi. Kijana alirudi kwenye gari. Mama hakuondoka. Nikamsikia anazunguka chumba changu, anapiga ukuta kwa kiganja, pa, pa, kisha anazunguka tena. Nikafungua nimfukuze.

"Hii nyumba nani alijenga?" akaniuliza. "Mwanaume?"

"Ndiyo, mama. Mafundi."

"Nimejua. Haina pua."

Ninyi mnacheka kwa sababu kwenu anayejenga nyumba ni mama. Mimi kule kwetu, kila nilipofika kazini, mafundi walikuwa wanachungulia nyuma yangu kumtafuta msanifu mwenyewe. Huyu alipoambiwa nimesomea nyumba hakushangaa hata kidogo. Alipita ubavuni mwangu akaingia ndani, akauona mkaa ukutani.

"Hii ni nini?"

"Mahali pa dirisha."

"Na dirisha iko wapi?"

Nikamweleza. Mimi sikai hapa, mama. Mimi ni mtu wa kuondoka.

Akacheka mpaka akakaa chini, shanga zikimtikisika shingoni. "Hata mimi naondoka! Nyasi ikiisha, tunahama. Tangu niolewe nimejenga nyumba, nikaacha, nikajenga ingine. Sasa juu ya kuondoka, nilale kwa jua?"

Miaka yote ile ya masomo, na hilo hakuna aliyenifundisha.

Nikaazima panga kwa jirani. Nilikata pale pale kwenye mkaa, mama akivuta matofali kutoka nje. La kwanza lilipotoka, upepo uliingia na vumbi lake lote ukanipiga usoni, nikalia kwa sauti. Jirani akaja mbio akidhani nimefiwa.

Kesho yake yule kijana wa shirika akarudi na gari, nikaenda naye zahanati. Msidhani nilipona siku hiyo. Mkono ulikuwa umesahau, na mchoro wangu wa kwanza ulikuwa madirisha matupu. Fundi akauliza, "Madam, na ukuta utakaa wapi?" Tukarekebisha. Wanaume wakapandisha matofali, kina mama wakazungushia kibaraza cha makuti ya mkoma, huku wakiniita jina walilonipa wenyewe. Jina hilo silitaji hapa, linahusu hasira zangu. Na yule mkwe, mimba ilipokuja tena, alisubiri siku zake kwenye kibaraza hicho. Mtoto alizaliwa zahanati. Nilimbeba mimi, jamani. Mimi niliyekuwa sitaki kuzoeana na mtu.

Sasa msinipigie makofi kama mtu aliyefunguliwa. Sijafunguliwa. Safari bado zimesimamishwa. Asubuhi hii kwenye kizuizi polisi aliisoma ruhusa yangu kama anayetafuta kosa. Dirishani kwangu ninachoona ni ukuta wa jirani.

Namshukuru jirani huyo, maana mdomo wake uliniokoa. Namshukuru kijana wa shirika, aliyefungiwa mlango na bado akarudi. Namshukuru yule mama. Nilitaka aje asimame nami leo, lakini nyasi zimeisha, wamehama.

Na ninyi vijana wa mlangoni, nimeambiwa baadhi yenu mmesomea kuchora majengo, mko nyumbani mnangoja kazi iwaite. Najua kungoja, msinidanganye. Kuna shule hapa Turkana watoto wanasomea juani, na kuna zahanati hazina hata mahali pa mgonjwa kuketi. Nendeni mkajitolee. Sisemi mtafunguliwa mlango, mimi wangu haujafunguka. Nasema ngojeni mkiwa mnajenga, kwa maana kungoja mikono mitupu kunaua, na mimi kulikaribia kuniua.

Gari la Kakuma limeanza kujaza abiria, naomba niishie hapo. Siku nikiondoka, atakayepewa chumba kile atalikuta dirisha. Nisipoondoka, nitalikuta mimi, leo jioni.